Wakati Timilifu wa Kiingereza na Habari za Masisi

Mwanafunzi wa Kirotshe, katika eneo la Masisi mashariki mwa Kongo, aanzapo Kiingereza katika shule ya sekondari, aghalabu huingizwa kwa mlango wa Kifaransa, maadamu ndiyo lugha ya masomo nchini humo. Na taathira ya mlango huo hudhihirika afikapo kwenye wakati timilifu, ule uundwao kwa kitenzi kisaidizi «have». Kifaransa cha mazungumzo hutumia umbo moja kwa aliyekwisha kula na kwa aliyekula jana, ilhali Kiingereza hakiridhii: ikitajwa jana, au mwaka 2012, kisaidizi hicho sharti kiondoke.

Kumbe Kiswahili, ambacho watu wa Kirotshe na Sake hukisema sambamba na Kihunde na Kinyarwanda, kinayo tofauti iliyo karibu sana na hiyo. «Wamekimbia» hutuarifu kwamba athari ya kukimbia ingalipo. «Walikimbia» huliweka jambo katika zamani zake. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza -me- kuwa alama ya tendo lililokamilika na hali iliyozaliwa nalo. Ni kweli kwamba njia hizi mbili huachana mahali, kwani «amelala» na «amesimama» Kiingereza huzieleza kama mambo yanayoendelea sasa. Lakini hilo mwalimu aweza kulieleza kwa somo moja.

Wala jambo hili si pambo la sarufi. Habari za wakimbizi wa Masisi huandikwa Kiingereza na mashirika ya misaada ili zisomwe Geneva na New York. Vita vilipofika miji ya Minova, Sake na Goma mwezi Januari 2025, aliyeandika kwa wakati timilifu kwamba jamaa wamekimbia alimfahamisha msomaji kuwa wangali nje ya makwao, wakihitaji chakula na maturubai. Aliyetumia wakati uliopita mtupu alimwacha gizani, asijue kama wamekwisha kurejea au la. Kosa dogo la kisaidizi kimoja laweza, hivyo, kuificha dhiki ya watu.

Tena Kiswahili si lugha ya kudharauliwa: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitaja miongoni mwa lugha 4 za taifa. Basi nawasihi walimu wa Kiingereza wa Masisi na wa Walikale jirani: somo la wakati timilifu lianzeni kwa -me- na -li-, ambazo mtoto anazo tangu nyumbani, ndipo mlete Kifaransa baadaye.