UPEPO NI WA MUNGU, BILI NI YA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi wa Mbumbuni,

Wako wenzetu wasemao kwamba vinu vya upepo ni habari ya watu wa Marsabit, sisi wa vilima vya Makueni haituhusu. Hilo si kweli. Kila kinyozi, kila fundi wa kuchomelea, kila mwenye kinu cha posho anunuaye tokeni hapa sokoni imemhusu, kwa kuwa yeye ndiye mlipaji.

Sikilizeni. Karibu na Loiyangalani vilisimamishwa vinu 365, nguvu yake megawati 310. Ni kazi kubwa, wala hatuibezi. Lakini vinu vilikuwa tayari mwaka 2017, na waya za kupeleka stima hadi Suswa, zaidi ya kilometa 400, hazikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Upepo ukavuma bure. Mkataba ulisema: uchukue stima usichukue, lipa! Serikali ikatozwa mabilioni ya shilingi, na sehemu ya deni ikatiwa ndani ya bei ya stima. Benki ya Dunia iliogopa mambo ya namna hii, ikajitoa mwaka 2012. Benki ilikuwa na mlango wa kutokea. Mwananchi alipewa mlango gani?

Tena kuna ardhi. Ni ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa njia ya sheria. Kule Kinangop wenyeji walikataa, na mpango wa megawati 60 ukafa mwaka 2016. Wenyeji wasipoulizwa mwanzoni, watajibu mwishoni.

Tutaambiwa tunapinga maendeleo. La! Upepo haununuliwi kwa meli kama mafuta, wala haukauki kama mito yetu wakati wa kiangazi. Mafundi wa Thika walikwisha tengeneza vinu vya upepo vya kuvuta maji, vikaitwa Kijito. Basi mwafrika aweza. Tunachopinga ni mkataba wa siri.

Kwa hiyo twataka:

1. Mikataba ya stima itangazwe kabla ya kutiwa sahihi.
2. Ardhi ya jamii isiguswe kabla ya wenyewe kukubali barazani.
3. Vijana wafundishwe ufundi wa mitambo, wasiishie kuchimba misingi na kulinda geti. Misingi ikiisha, mchimbaji hufutwa, fundi hubaki.

Wazee wetu walichimba matuta ya vilima hivi kwa mwethya. Kila mmoja alijua analima shamba la nani, na zamu yake itafika lini. Katika mwethya huu wa stima sisi tunachimba kila siku. Zamu yetu ni lini?

Mkutano ujao kila mwanachama alete karatasi zake za tokeni, tusome makato pamoja, mstari kwa mstari. Asiyejua anacholipa hawezi kukidai.

UMOJA NI NGUVU!