Redio Chomboni Si Anasa



Mtu akisimama juu ya daraja la Kilifi akatazama chini, ataona vyombo vya namna mbili katika maji ya hori moja. Kuna mashua za starehe za wageni, zile ziitwazo yoti, na nyingine zimevuka Bahari ya Hindi na watu wawili tu ndani yake, mume na mke. Na kuna mashua na ngalawa za wavuvi wetu. Upepo wao ni mmoja na mwamba wao ni mmoja. Lakini mgeni yule, saa nne ya asubuhi haijafika, amekwisha kuambiwa upepo wa kesho na wa kesho kutwa. Mvuvi wetu yuko ufuoni anatazama mawingu.

Hatusemi kwamba kutazama mawingu ni ujinga. Nahodha aliyekulia baharini ajua matlai na maleleji, ajua mwezi gani pepo za kusi hukaza hata chombo kidogo kisiweze kutoka nje ya mwamba, wala hahitaji mtu wa ofisini kumfundisha. Lakini tufani iliyo maili mia tano haionyeshi wingu lo lote Kilifi. Ilipiga Lindi mwaka 1952. Mwezi wa Aprili 2019 tufani Kenneth ikaingia kaskazini ya Msumbiji, na Mei 2024 Hidaya ikafika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Hizi mbili za mwisho zilikuwa zikifuatwa kwa setelaiti tangu zingali mbali. Habari ilikuwako. Swali letu ni nani aliipata, na kwa lugha gani.

Wenye yoti huipata kwa njia nyingi, na mojawapo ni redio ya ridhaa. Huu ni upashanaji habari wa watu wasiolipwa, ambao wamefanya mtihani, wakapewa leseni na Serikali, na kila mmoja ana ishara yake ya kuitwa. Za Kenya nyingi huanza na 5Z4. (Tunajua kwamba chama cha wafanya kazi hakipendi kusifu kazi ya bure, lakini hii hakuna tajiri anayefaidika nayo.) Waendesha redio wa Afrika ya Kusini wamekuwa wakiwaita mabaharia wa bahari hii kwenye kilohezi 14,316, wakiuliza kila chombo kiko wapi na kuwasomea hali ya hewa. Chombo kikikosa kujibu, wenziwe hujua na huanza kukiulizia. Wengine huunganisha redio na kompyuta, wakapokea barua na ramani za upepo kwa njia iitwayo Winlink. Hata Nairobi yetu iliwahi kutuma ramani za hewa kwa redio, ishara yake 5YE, kwa vyombo vilivyo baharini.

Basi mtu atasema hayo ni mambo ya matajiri. Tumeyachungua, na si kweli yote. Kusema ndiko kunakokula umeme: redio ya wati mia huvuta ampea ishirini hivi mtu anaposema, na betri ya volti 12 huchoka upesi. Kusikiliza huvuta kama ampea moja tu, na kiredio kidogo cha mawimbi mafupi huenda kwa betri za tochi. Ila kiwe na ile swichi ya kusikilizia sauti za mkanda mmoja, kwani bila hiyo wasemaji husikika kama bata. Waya wa kupokelea, mwenye yoti huutumia ule wa chuma ulioshika mlingoti kwa nyuma. Jahazi halina waya huo, lakini lina foramali, na waya wa kawaida waweza kupandishwa nayo. Na maji ya chumvi, adui wa kila kitu cha chuma, kwa kazi hii ni rafiki, maana mawimbi ya redio husafiri vizuri juu yake.

Lakini mtu asidanganyike. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kwa biashara. Huwezi kuulizia bei ya nguru Mombasa kwa redio hiyo. Wakati wa hatari tu ndipo chombo cho chote chaweza kuita kwa njia yo yote kilicho nayo. Na ngalawa iendayo maili tano haihitaji kusikia Afrika ya Kusini. Yenyewe yatosha redio ndogo ya mkononi ya chaneli 16, na kiredio cha kawaida ndani ya mfuko wa nailoni. Kituo cha uokoaji baharini kipo Mombasa tangu mwaka 2006, lakini hakiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyesema kwamba amepotea.

Kwa Idara ya Hali ya Hewa tunataka jambo moja: taarifa ya bahari isomwe kwa Kiswahili, saa ile ile kila siku, kwa maneno ya mabaharia. Mtu ukimwambia noti 25 na mawimbi mita mbili na nusu, bado hajui kama atapita mlango wa mwamba na kurudi salama.

Sasa tufike penye kidonda. Tumesikiliza wenzetu wa chombo kimoja cha uvuvi ambao taarifa waliipata vizuri, tangu jioni. Walimwambia mwenye chombo. Akajibu kwamba barafu imekwisha nunuliwa, na asiyetaka kwenda ampishe mwingine. Wakaenda. Usiku tanga likapasuka, nyavu zikakatwa zipate kuokolewa roho, wakarudi baada ya siku mbili. Hakufa mtu. Mwisho wa mwezi bei ya nyavu ikakatwa katika mafungu yao.

Watu hao redio ingewasaidia nini? Utabiri walikuwa nao. Walichokosa ni haki ya kukaa pwani siku hiyo na kesho yake wakute kazi yao ipo. Hii ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaosema kwamba mabaharia wakigawiwa redio mambo yamekwisha.

Na haki hiyo hatuiombi kama sadaka. Mkataba Nambari 188 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 2007, unasema kwamba mwenye chombo cha uvuvi asimzuie nahodha kukata shauri linalohitajika kwa usalama wa chombo na watu wake. Kenya imeukubali mkataba huo mwaka 2022. Kadhalika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mfanya kazi kurudishwa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Nahodha wangapi wamepata kusomewa maneno hayo?

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi la pwani liwe na redio ya kusikilizia, na ubao wa chaki mahali pa kuteremshia samaki, taarifa iandikwe kabla vyombo havijatoka. Vijana wawili wa kila tawi wafundishwe na kufanya mtihani wa leseni ya ridhaa, ada ilipwe na chama. Na katika kila mapatano na wenye vyombo tuweke kifungu hiki: nahodha akisema hatutoki kwa sababu ya hewa, hakuna atakayefukuzwa, na hakuna nyavu zitakazokatwa katika fungu la mtu ye yote.

Kifungu hiki kitaletwa mbele ya mkutano mkuu. Matawi yanayotaka kukibadili yamletee Katibu maneno yao kwa maandishi, kabla pepo za kusi hazijaanza.