Betri Hazifi Zenyewe, Tunaziua Sisi

Agosti mwaka jana, katikati ya likizo ndefu, niliangusha ndege ya klabu yetu Makambako. Msishtuke, si ndege ya abiria. Ni ile ndege ndogo ya rimoti tuliyoijenga wenyewe tukiwa mwaka wa pili, kwa yale maboya meupe yanayokuja na boksi la televisheni, tukaifungia kamera tumboni. Nilikuwa nimeiazima kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho. Nilitaka kupiga picha shamba la parachichi la baba mdogo, nje kidogo ya mji wa Njombe, nione kama miche iliyodumaa inatambulika kutoka juu. Kibali nilikuwa nacho. Nikasema kabla sijafika nyumbani niijaribu kwanza kwa rafiki yangu Makambako, maana kwao kuna uwanda na mahindi yalikuwa yameshavunwa.

Betri ilisoma volti 12.4 kwenye mita. Betri ya seli tatu ikijaa kabisa ni 12.6, kwa hiyo nikaridhika. Dakika ya pili, nikiwa naipandisha ndege dhidi ya upepo, mota ikakata. Na upepo wa Makambako mnaupita pale kila mnapokwenda Songea au Mbeya, mnaujua. Ndege ikainamisha pua, ikabebwa, ikatua kwa kishindo hatua kama ishirini kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anaokota masalia ya mahindi.

Nilikimbia hadi pale nikamwamkia "kamwene" kwa sauti ya mtu aliyekamatwa anaiba. Hakunitukana. Aliitazama ile ndege, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, kama ingempata mtoto?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Jibu nililowapa wenzangu kwenye simu jioni ile lilikuwa rahisi: "Betri feki." Ndilo jibu letu sote. Kila betri ya klabu inapokufa, eti tumeuziwa feki. Naandika makala haya kukiri kwamba, kwa betri zetu, huo ni uongo. Tuliziua wenyewe, na tutaendelea kuziua mpaka tutakapokubali kwamba kutunza kifaa ni kazi kama ilivyo kazi kukinunua.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja karibu na stendi ya Makambako. Anatengeneza simu na taa za sola, na anavunja betri za laptop zilizokufa ili achambue seli nzima azitumie tena. Nilimwonyesha mita: 12.4. Hata hakuiangalia. Akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55, akaiunga kwenye betri yangu. Ndipo akapima seli moja moja kupitia ile plagi ndogo nyeupe. Mbili zilisimama kwenye 3.9. Ya katikati ikashuka 3.4, 3.2, huku tunaitazama.

"Mdogo wangu," akasema, "betri isiyo na mzigo ni kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Huwezi kujua ana nguvu mpaka umtwike gunia la viazi."

Yaani mimi, mwaka wa nne, niliyefanya mtihani wa ukinzani wa ndani nikapata B+, sikuwa nimewahi kuupima kwenye kitu ninachokirusha juu ya vichwa vya watu. Seli ikichakaa ukinzani wake wa ndani unapanda. Ikiwa imepumzika inaonyesha volti nzuri tu, ila mota ikivuta umeme mwingi volti zinaporomoka. Mita peke yake ilikuwa inanionyesha mtu aliyekaa.

Nilikuwa na betri nyingine mbili, zote za miliampea-saa 2,200, zimenunuliwa siku moja na ile ya kwanza. Tukazichaji zikajaa, tukaziunganisha kwenye balbu na kuhesabu dakika mpaka seli ya kwanza ifike 3.5. Balbu ile inavuta takriban ampea 4.5. Betri moja ilikaa dakika 14. Piga hesabu: 4.5 mara 14 gawa kwa 60, ni kama miliampea-saa 1,050, chini ya nusu ya kilichoandikwa ubavuni. Nyingine ilikaa dakika 24, kama 1,800. Duka ni lile lile na bei ni ile ile. Kwa nini hii imepona?

Nilimpigia simu mwenzangu aliyekuwa akiitunza. Alicheka. Siku tulipochaji betri zote kwa ajili ya maonyesho, kabla ya UE, umeme ulikatika yake ikiwa nusu, naye akaona uvivu kurudi. Maonyesho yakaahirishwa. Zile nyingine zilikaa zimejaa pomoni miezi mitatu ndani ya kabati la bati linalopigwa na jua la mchana. Yake ilikaa nusu, chini ya kitanda. Betri ile iliokolewa na kukatika kwa umeme, jamani.

Sababu inaeleweka. Seli ya lithiamu-polima ikikaa kwenye volti 4.2, tena kwenye joto, kimiminika chake kinaoza taratibu na kutoa gesi. Ndiyo maana inavimba. Ukiirusha mpaka ikauke, ikashuka sana chini ya volti 3, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na siku ukiichaji tena inaweza kupiga shoti na kuwaka. Inapokaa bila kazi, inataka kama volti 3.8 kwa seli, sehemu penye ubaridi. Basi, hakuna uganga.

Tatizo ni kwamba tumerithi desturi za betri nyingine. Babu yangu alikuwa akianika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari jioni. Kwa betri zile ilisaidia kidogo. Ukiianika ya lithiamu unaiua. Betri za lithiamu zipo sokoni tangu Sony walipoanza kuziuza mwaka 1991, na waliozigundua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, lakini sisi chuoni bado tunazitunza kwa elimu ya redio ya babu.

Njombe nilijifunza la mwisho. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Agosti ukitoa pumzi unaiona. Betri ile nzuri ililala kwenye begi, sakafuni. Asubuhi niliijaribu kwa balbu, volti zikashuka kama za mgonjwa. Baridi nayo hupandisha ukinzani wa ndani. Niliiweka ndani ya koti nusu saa huku nakunywa chai na baba mdogo, ikarudi hali yake. Isitoshe, hewa ya kule juu ni nyepesi, hivyo mota inafanya kazi kubwa zaidi kuibeba ndege ile ile. Nilipunguza muda wa kuruka kutoka dakika kumi hadi sita, nikapata picha zangu, na ndege ikatua yenyewe miguuni pangu.

Sasa nirudi kwetu chuoni. Bajeti ya klabu ina fungu la kununua. Fungu la kutunza halipo. Betri sita tulizonunua kwa michango yetu, iliyokatwa kwenye bumu, nne zimevimba. Najua mtaniambia hatuna pesa ya chaja za kisasa. Sawa, lakini balbu ya gari haizidi sana sahani mbili za chipsi mayai, na mita ipo maabara. Mtasema wanafunzi tunapita tu, anayeanza leo kesho amehitimu. Ndiyo sababu nataka daftari, maana daftari halihitimu. Na wapo watakaosema hii ni michezo ya watoto. Zanzibar walianza kuchora ramani ya visiwa vyote kwa ndege zisizo na rubani mwaka 2016, na wanafunzi wa SUZA walikuwemo kazini. Mwaka 2018 ndege kama hizo zilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji. Juu ya ziwa, seli moja mbovu inatosha kuzamisha kila kitu.

Ninachoiomba serikali ya wanafunzi ni kidogo. Kila betri iwe na namba na ukurasa wake daftarini. Mwanzo wa kila muhula ipimwe kwa balbu na dakika ziandikwe. Iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake isiruke tena juu ya watu, iende karakana ikawashe taa. Iliyovimba isichajiwe kabisa, wala isitupwe kwenye pipa la taka la hosteli. Kabla ya likizo zote zishushwe hadi volti 11.4 na kufungiwa kwenye sanduku la chuma, pembeni kuwe na ndoo ya mchanga. Na wale wanaochaji usiku juu ya godoro huku wamelala, acheni. Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu, na chumba kina vitanda vinne.

Daftari nimeshalinunua, liko kwenye droo ya klabu. Betri namba 1 imefutwa kazi. Namba 2 inawasha taa. Namba 3, dakika 24. Kurasa zinazofuata ni tupu, na mimi namaliza Julai. Anayetaka kalamu aje.