Kipindi Kirefu: Wanafunzi Nao Waulizwe

Katika shule zetu za sekondari kipindi kimoja ni dakika 40, na mpanga ratiba huweza kuunganisha viwili vikawa dakika 80. Walimu wengi wa sayansi huvitaka vipindi hivyo, nao wana sababu. Lakini ni nadra kuulizwa yule aketiye dawatini. Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha hapa Ufipa, tuliwauliza wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanavionaje.

Majibu yao yalitufunza. Urefu wenyewe hawakuuchukia. Walisema kuwa katika maabara kengele ya kipindi kimoja hulia kabla maji hayajachemka. Hapo dakika 80 walizitaka. Walichokilalamikia ni dakika 80 za kunakili ubaoni, hasa vipindi vya mwisho, wakati aliyetoka kijiji cha mbali alfajiri, katika baridi ya Juni, amekwisha kushikwa na njaa. Kwao, kipindi huwa kirefu pale mwalimu afanyapo kazi peke yake.

Kosa hili tusiwatwishe walimu wapya. Ni letu sisi wakufunzi. Tumewazoeza kuandika andalio la somo la dakika 40. Wapewapo 80, hulirefusha lile lile, kama mpishi aongezaye maji katika uji.

Mkulima wa Ufipa afanyaye matuta ya mviringo, yaani ntumba, hufukia majani chini ya udongo, kisha huyapa muda yaoze yawe mbolea. Muda huo humfaa kwa kuwa kuna majani ndani. Tuta lisilofukiwa kitu halirutubiki kwa kungojewa tu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Vipindi viwili mfululizo vipewe kazi zinazovihitaji: majaribio, ramani, insha na majadiliano ya vikundi. Viwekwe asubuhi kila iwezekanapo. Na andalio lake lionyeshe waziwazi mwanafunzi atafanya nini katika kila sehemu ya dakika hizo 80.

Tena, ratiba isibandikwe ukutani kabla wanafunzi hawajasikilizwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao. Twaweza kuanza na saa zao wenyewe.