Mikoko ni Wakfu: Tule Pato, Tuache Shina

Kila serikali ipigapo marufuku ukataji wa mikoko, sisi watu wa pwani hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao msitu ufungwe, asiingie mtu; na wako wasemao boriti ni riziki waliyoachiwa na wazee, basi waachwe wakate. Mimi naona pande zote mbili zimesahau jambo.

Mkoko una kazi yake mlangoni mwa mto. Mto ushukapo na matope, mizizi huyadaka yasiende kufukia majani ya bahari na matumbawe. Mle mle mizizini ndimo wakuliamo wana wa samaki, kamba na kaa.

Tazama Gazi, huko Kwale. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilifyekwa kwa kuni za viwandani, pakabaki matope matupu. Toka 1991 watafiti na wanakijiji wakaanza kuipanda upya. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja: wenyeji huhifadhi hektari 117, na wanunuzi hulipia hewa ya kaboni ambayo miti huimeza na kuizika topeni. Fedha hizo zimeleta maji vijijini na vitabu shuleni.

Je, huu si mfano wa wakfu tuujuao? Shina haliuzwi, kinacholiwa ni pato lake, tena kwa manufaa ya umma.

Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Boriti zilipopigwa marufuku kuuzwa nchi za nje mwaka 1982, soko la Arabuni lilifungwa, lakini shoka liliendelea kwa soko la humu nchini. Amri hufunga soko, haipandi mti.

Wala wanakijiji peke yao hawatoshi. Huko Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi mno, yakafukia mizizi ambayo mkoko huvutia pumzi, na miti mingi ikafa imesimama. Alimaye ukingoni mwa mto huko bara hashiki shoka, walakini naye ana sehemu yake katika hasara hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sheria ya mikoko isiishie kukataza. Kijiji kilicho mlangoni mwa mto kifanywe msimamizi wa wakfu huo, na mkulima wa juu awe mwenziwe.