Wasio na Nyumba wa Rutshuru Wahesabiwe, Tena Tuwahesabu Wenyewe



Karani wa mgodi ajua jambo moja vizuri: mtu asiyeandikwa katika daftari hapati mshahara, ingawa amechimba tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Aje alie mbele ya dirisha la malipo, hakuna atakayemsadiki. Hivyo ndivyo ilivyo leo kwa maelfu ya watu wa Rutshuru wasio na nyumba. Wapo, twawaona kila siku, twala nao. Lakini katika daftari hawamo.

Tukumbushane kwanza. Vita vya M23 vilipoanza upya mwishoni mwa 2021, watu wa upande wa Jomba ndio waliokimbia mbele ya wengine. Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule ule Kiwanja na Rutshuru zikafuata, na barabara ya kilometa 70 hivi iendayo Goma ikajaa mama wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wengi walikaa Kanyaruchinya, juu ya mawe ya volkeno ambayo jembe haliyawezi, hata choo ni shida kuchimba. Kipindupindu kikaingia kabla mwaka haujaisha. Wengine walipita mpaka Bulengo na Lushagala. Kisha M23 walichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Watu waliambiwa: rudini kwenu.

Basi wamerudi. Lakini kwao wapi? Mmoja amekuta ukuta bila bati. Mwingine amekuta nyumba ina watu ndani, wageni wasiomjua, na shamba lake la maharagwe limekwisha kupandwa na mkono mwingine. Huyo hakuingia msituni, amelala kwa shemeji yake. Tumeingia katika nyumba moja ya Kiwanja yenye vyumba viwili; wamo watu 13. Mama mwenye nyumba alipewa wageni kwa siku chache, na siku hizo zimekuwa miezi. Yeye naye sasa hana unga. Mbuzi ameuzwa, mtoto wa kike ametolewa masomoni abaki na wadogo. Je, katika nyumba ile nani ni mhitaji na nani ni msaidizi? Sisi hatukuweza kuwatenga.

Kambini angalau mtu alikuwa na jetoni yake ya kupokea unga na shitingi. Alipotoka, ile jetoni ikabaki karatasi tu. Na hata wakati kambi zilipokuwapo, wakimbizi wengi wa ndani wa nchi hii walikaa katika jamaa na si kambini. Mnamo Oktoba 2023 shirika la OIM lilitangaza kwamba watu milioni 6,9 katika Kongo nzima wametoka makwao. Hatuikatai hesabu hiyo. Ni kazi kubwa. Lakini hesabu ya namna ile yasema watu ni wangapi, haisemi shamba la nani lilipakana na la nani. Tena nchi yetu haikuhesabu watu wake wote tangu 1984! Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo aweza kuwa na wajukuu, wala serikali haijui idadi yao.

Kuna mkataba wa nchi za Afrika uliofanywa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Kifungu cha 13 chaagiza daftari la watu hao lifanywe na litunzwe, na kifungu cha 11 chataka njia nyepesi ya kukata magomvi ya mali zao. Na mapatano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 yataja kurudi kwa wakimbizi. Maneno mazuri. Lakini hakimu atakayekuja siku moja kukata maneno ya mashamba atauliza ushahidi, na ushahidi wa sasa umo katika vichwa vya wazee, ambao wanakufa.

Kwa hiyo twasema: tuanze sisi. Avenue kwa avenue, nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumbakumi na wakuu wa makanisa na msikiti. Kuuliza kama mtu ana njaa si kazi. Hilo laonekana usoni. Aulizwe alitoka kijiji gani, lini, na mara ya ngapi, kwa maana wako waliokimbia 2008, tena 2012, tena 2022. Aulizwe wagonjwa, wajane, watoto wasio na wazazi. Halafu aulizwe kwa utulivu shamba lake: liko kilima gani, nani jirani wa juu, nani wa chini, mti gani au kijito gani ndio mpaka, alilirithi au alilinunua, na nani alikuwapo siku ya kununua. Hapo karani asiwe na haraka. Rutshuru ardhi ni haba: Bustani ya Virunga ilikata sehemu yake tangu 1925, mashamba makubwa ya kahawa na chai yakakata sehemu yao, na kilichobaki watu wamegawana mpaka mistari ya maharagwe. Mtu akipoteza mpaka wake hapa, hapati mwingine.

Jambo moja tunalikataza: kabila lisiandikwe. Twajua wazi daftari la majina laweza kufanya nini likiangukia mkono wa mwenye bunduki. Kiwanja haijasahau Novemba 2008. Kwa sababu hiyo majina yawe katika kitabu kimoja na mipaka katika kingine, vyenye namba tu za kuviunganisha, na visilale nyumba moja. Mtu asiyetaka kuandikwa aachwe, bila kulaumiwa.

Na wasio hapa? Wako wana wa Bwisha walioko Nakivale, Uganda, tangu Bunagana ilipoanguka. Wako Wakongomani walio katika kambi ya Kiziba, Rwanda, tangu 1996. Nao waliacha mashamba. Atakayesema hao wasiandikwe anatafuta shamba la bure, na sisi hatutamshikia kalamu. Wamo vilevile vijana wetu waliofuata koltani Rubaya na kwengineko, wanaolala chini ya shitingi karibu na mashimo. Twawaita wafanyakazi, lakini wengi wao ni watu wasio na nyumba wenye koleo mkononi. Wenzao wa kazi wawaandike huko huko.

Ninyi mliosoma, hata kama ni madarasa sita tu, jumapili hii baada ya ibada tunawahitaji. Madaftari tumekwisha kununua, ya kurasa 200. Mje na penseli wala si kalamu ya wino: mahali mtu anapolala patafutwa na kuandikwa tena mara nyingi.