Kuachia Si Kurusha: Fizikia Nayo Yataka Washairi

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, malenga wenzangu huipamba lugha kwa vina vya kila namna. Usiku wa siku hiyohiyo, mtoto wa Mkunazini au wa Makunduchi huinamia daftari lake la fizikia, akilikodolea macho swali ambalo sisi tunaona halituhusu. Nadai kwamba latuhusu, kwa kuwa mara nyingi kinachomshinda mtoto yule ni maneno, wala si hesabu.

Miaka niliyosomesha sekondari ilinipa ushahidi wa kutosha. Kiingereza cha vitabu husema gari limeanza mwendo kutoka katika hali ya pumziko. Mwanafunzi wangu mmoja, tena hodari, akataka kujua kama dereva alikuwa amelala. Mchapuko usiobadilika huitwa kwa neno ambalo mtoto analijua kuwa ni yunifomu, nguo ya skuli. Uzi mwepesi ukageuka uzi wa mwanga, maana Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili. Watoto hawa huandikiwa kuwa wameshindwa fizikia, ilhali hawajafikishwa hata mlangoni pake.

Basi tulitatue swali moja kwa lugha yetu. Mkwezi yuko juu ya mnazi, mita 20 kutoka ardhini, anaachia nazi. Itafika chini baada ya muda gani? Hatua ya kwanza ni kusoma, na hapa ndipo penye utamu: aliyeachia hakusukuma, kwa hiyo kasi ya kuanzia ni sifuri. Kitenzi kimetupa tarakimu ambayo swali halikuiandika. Tunajua pia mchapuko wa uvutano, karibu mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Upinzani wa hewa tunauacha kando. Umbali ni nusu ya mchapuko mara muda kipeo cha pili. Kwa hiyo 20 ni sawa na 5 mara muda kipeo cha pili. Muda kipeo cha pili ni 4. Muda ni sekunde 2. Kasi ya kutua ni 10 mara 2, yaani mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Hatua ya mwisho, inayorukwa na wengi, ni kulihoji jibu: je, laingia akilini? Muulize mtu yeyote wa shamba kwa nini hakai chini ya mnazi mkwezi akiwa juu.

Sasa badilisha kitenzi tu. Mkwezi anairusha nazi chini kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Mlinganyo unakuwa 20 sawa na 15 mara muda, kuongeza 5 mara muda kipeo cha pili, na jibu ni sekunde 1. Kuachia na kurusha vimetofautiana kwa nusu ya muda. Nani ajuaye kupima uzito wa kitenzi kuliko mshairi?

Wapo wasemao istilahi hatuna. Kamusi ya TUKI ya baiolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990! Mchapuko unamkumbusha mtoto kuchapua miguu. Kani anaijua tangu alipoambiwa ameshika kani. Msuguano hauhitaji hata kuelezwa. Kiunguja hiki ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kisha sera yetu ya elimu ya mwaka 2006 ikataka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Lugha inayofaa kusanifishiwa Afrika Mashariki nzima imeonekana haifai kuangushia nazi.

Nitaambiwa mtihani huja kwa Kiingereza. Na uje. Mtoto aliyekwisha kuelewa hatua kwa lugha anayoiotea ndoto atajifunza kuziandika kwa nyingine. Asiyeelewa hukariri kanuni, akaitia popote.

Kwa hiyo, malenga, andikeni maswali. Yawe na vitenzi visivyo na utata, na vitu anavyovijua mtoto. Mimi nimetoa la nazi. La ngalawa inayokata mkondo kutoka Forodhani kwenda Changuu namwachia ajuaye bahari kunishinda.